Kabla hujaandika sera ya faragha, ijue kwanza tovuti yenyewe

Wewe unayeanza kazi ya kutengeneza tovuti, jiandae kwa ombi hili. Siku mbili kabla tovuti haijapanda hewani, mteja atakupigia simu: "Halafu usisahau kuweka ile sera ya faragha." Utashawishika kuingia mtandaoni, kuchukua sera ya kampuni fulani ya Marekani, kubadilisha jina na kubandika. Nakuomba usifanye hivyo. Sera ni ahadi. Unawaahidi watu, kwa niaba ya mteja wako, kwamba taarifa zao zinatunzwa namna fulani, ilhali hujui hata tovuti yenyewe inachukua nini kutoka kwao. Nimewahi kukuta duka la vitenge lenye sera iliyojaa haki za wakazi wa California, na hakuna hata mstari mmoja kuhusu namba za simu ambazo kila mnunuzi anaziacha pale.

Anza na tovuti, maandishi yatafuata. Ifungue kwenye dirisha la faragha la brauza ili uingie kama mgeni mpya kabisa, bonyeza F12, nenda Application kama unatumia Chrome au Storage kama ni Firefox, utazame orodha ya vidakuzi (cookies), yaani vipande vidogo vya taarifa ambavyo tovuti huviweka kwenye brauza ya mgeni. Usibofye chochote kwanza. Angalia vilivyokwisha kupachikwa kabla mgeni hajakubali lolote. Kwenye tovuti nyingi zilizoandikwa kwa lugha ya PHP utakuta PHPSESSID, na hicho kina kazi ya maana: ndicho kinachoiwezesha seva kumtambua mgeni yuleyule anapohama ukurasa mmoja kwenda mwingine. Bila kitu kama hicho, kikapu chake cha manunuzi kingekuwa kitupu kila anapobofya. Shida hiyo ya kikapu ndiyo iliyomfanya Lou Montulli wa Netscape abuni vidakuzi mwaka 1994.

Chini ya PHPSESSID, mara nyingi utaona na vingine: _ga cha Google Analytics, huduma ya kuhesabu wageni wa tovuti, ambacho kwa kawaida huwekewa miaka miwili, na _fbp cha Meta, wenye Facebook, ambacho hukaa siku 90. Hivi havimsaidii mgeni kununua wala kusoma. Viko pale kumhesabu na kumfuatilia, na mwenye tovuti mara nyingi hana habari kwamba vipo, kwa kuwa viliingia na plagini (programu ya nyongeza) au viliwekwa na mtu wa matangazo aliyeshaondoka. Kwa kila kidakuzi cha namna hii muulize mteja swali moja tu: ripoti yake anaisoma nani? Akikosa jibu, king'oe. Tovuti itakuwa nyepesi kwa mtu anayeifungua kwa bando la kupima, na wewe utakuwa na machache ya kueleza kwenye sera.

Vinavyobaki, vifunge vizuri. Kidakuzi cha kuingilia kwenye akaunti kiwekee alama tatu: HttpOnly ili msimbo wa JavaScript ulio kwenye ukurasa usiweze kukisoma, Secure ili kisafiri kwa HTTPS, yaani njia iliyosimbwa, peke yake, na SameSite ili kisitumwe hovyo ombi linapotokea tovuti nyingine. Jina, simu na barua pepe visikae ndani ya kidakuzi hata siku moja. Weka namba ya nasibu ambayo mtu hawezi kuikisia. Taarifa zenyewe zibaki kwenye seva.

Sasa lile bango la kuomba ridhaa. Wengi huliweka kama pambo: mgeni anabofya "Kataa", bango linapotea, na nyuma ya pazia hakuna kilichobadilika. Jaribu mwenyewe. Futa vidakuzi vyote, pakia ukurasa upya, kataa, kisha rudi kwenye F12. Ukikiona _ga bado kipo, bango hilo linamdanganya mgeni. Hati (script) za kufuatilia zinatakiwa zisubiri hadi mtu akubali, ndipo zipakiwe. Na kukataa kuwe kwepesi sawasawa na kukubali: vitufe viwili, ukubwa mmoja, mahali pamoja.

Kama mteja wako ni kampuni ya utalii ya Arusha inayowauzia safari Wajerumani na Wafaransa, jambo hili lina uzito wa ziada. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya kulinda data, GDPR, inayotumika tangu 25 Mei 2018, inamgusa hata mfanyabiashara aliye nje ya Ulaya iwapo anawalenga watu walio huko. Mahakama ya Haki ya Umoja huo iliamua tarehe 1 Oktoba 2019, katika kesi ya Planet49, kwamba kisanduku kilichokwisha kuwekwa tiki si ridhaa. Na mwezi Januari 2022 mamlaka ya Ufaransa, CNIL, ilitangaza faini ya euro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook, kwa sababu kukubali vidakuzi kulikuwa bofyo moja na kukataa kulihitaji mabofyo kadhaa. Mteja akikuuliza kwa nini unahangaika na vitufe, mwoneshe hizo.

Hata bila Wazungu, tuna sheria zetu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, pamoja na Tume yake, na wanaokusanya au kuchakata taarifa za watu wanatakiwa kujisajili huko. Kenya ilitangulia kwa sheria ya mwaka 2019, ambayo inampa anayesimamia taarifa za watu saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data zikivuja na kuwa na hatari kwa wahusika. Zisome mwenyewe, usingoje kusimuliwa. Ile ya Tanzania ina masharti pia kuhusu kupeleka taarifa nje ya nchi, na hosti nyingi za bei nafuu tunazonunua, yaani kampuni zinazotukodishia nafasi ya tovuti, seva zake zipo Ulaya au Marekani. Mwambie mteja mapema.

Lakini nikwambie ukweli, pamoja na kelele zote za vidakuzi, madhara makubwa ninayoyaona hapa kwetu yanatoka kwenye fomu. Chukua fomu ya kuomba nafasi ya shule: jina la mtoto, jina la mzazi, simu, namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa cha Tanzania), dini, maradhi, mahali anapoishi. Mtoto hajapata nafasi, na shule imeshajua familia inaishi wapi na nani anaumwa nini. Kila kisanduku ukiulizie kinahitajika lini. Simu ya mzazi, sawa, leo. Maradhi ya mtoto yatahitajika akishapokelewa, tena ofisini kwa muuguzi. Namba ya NIDA yenyewe ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Ukiiomba umeshaomba na umri. Mteja atasema, "Tuchukue tu, huenda zikatufaa mbeleni." Hapo ndipo unapotakiwa kuwa mbishi. Kinachokusanywa bila kazi kitavuja bila kazi, na aibu itamwangukia yeye.

Fomu moja ya namna hiyo niliikuta inatuma kwa njia ya GET, mojawapo ya njia mbili ambazo fomu hutumia kupeleka majibu kwenye seva. Maana yake kila kilichojazwa kilikuwa kinaning'inia kwenye anwani ya ukurasa, jina na namba ya simu vikionekana wazi baada ya alama ya kuuliza. Anwani hiyo inabaki kwenye historia ya brauza, na kama mzazi alijazia kompyuta ya kibanda cha intaneti, anayekaa baada yake anaisoma. Inaandikwa pia kwenye logi za seva, yaani kumbukumbu za kila ombi linaloifikia, na kama ukurasa una Analytics, inatumwa na huko. Kubadilisha kuwa POST, njia isiyoweka majibu kwenye anwani, ni neno moja tu kwenye HTML. Kusafisha zilizokwisha kusambaa ni kazi ya siku nyingi, na nyingine hazisafishiki.

Logi zenyewe wengi huzisahau. Seva huandika anwani ya IP ya kila mgeni (namba ya mtandao anaotumia), saa aliyoingia, ukurasa aliofungua na aina ya brauza, hata kama tovuti haina kidakuzi hata kimoja. Kwa hiyo ile sentensi ya "hatukusanyi taarifa zozote" usiiandike. Ingia cPanel, ukurasa wa kusimamia hosti, uone logi zinakaa muda gani, weka kikomo, kisha ukitaje kwenye sera.

Ukifika hapo sera inaandikika kwa jioni moja. Iandike kwa Kiswahili kama wateja ni Waswahili: tunachukua nini, kwa kazi gani, kinakaa wapi na kwa muda gani, nani mwingine anakiona, na ukitaka tukifute umwandikie nani. Hiyo barua pepe ya mwisho ijaribu kabla hujaondoka. Tuma ombi la kufutiwa taarifa kama mgeni wa kawaida uone kama kuna mtu atajibu, na kama anajua taarifa hizo zimehifadhiwa wapi: plagini nyingi za fomu huacha nakala kwenye hifadhidata hata baada ya ujumbe kufika kwenye barua pepe, na sekretari naye ana jedwali lake la Excel.

Halafu kuna kompyuta yako. Mradi ukiisha, ile bakapu ya hifadhidata uliyoshusha ili kufanyia majaribio ifute, pamoja na nakala iliyo kwenye flashi na ile uliyojitumia WhatsApp. Pita pia kwenye public_html, folda yenye mafaili ya tovuti yaliyo wazi kwa umma, uhakikishe hakuna faili la .sql wala .zip lililosahaulika, maana lolote lililomo humo hupakuliwa na yeyote anayebahatisha jina lake. Mwisho mwambie mteja abadilishe nenosiri la cPanel na la hifadhidata, wewe ukiwa hapohapo, na lile jipya usilione.