Chokoleti ya Pasaka kwenye joto la Kigoma: maswali yenu na majibu

Kwaresima inaelekea ukingoni na maswali ya safari hii karibu yote yananukia kakao. Kabla sijaanza kuyajibu niseme ninapoegemea, ili msije mkashangaa mbele: hapa kwetu ziwani chokoleti nzuri ni ile iliyookwa ndani ya keki, siyo iliyomwagwa juu yake. Nusu ya shida mlizoniandikia zinatokana na kuiga picha za keki zinazong'aa zilizopigwa kwenye nchi za baridi, au kwenye chumba chenye kiyoyozi. Jiko lako la Katubuka lina paa la bati. Twende.

Shikamoo mama. Krismasi nilipika keki ya chokoleti ikatoka na rangi ya chai ya maziwa, tamu mpaka inakera, na chokoleti yenyewe haisikiki. Niliweka vijiko vitano vya kakao. Tatizo nini? (Msichana wa Mwanga)

Marahaba mwanangu. Chukua lile kopo usome maandishi madogo ya pembeni. Viungo huandikwa kwa kufuata uzito, kilicho kingi kikitangulia. Kama neno la kwanza ni sukari, ulichonacho ni kinywaji cha chokoleti, na vijiko vyako vitano vilikuwa zaidi sukari. Kakao ya kuokea ina kiungo kimoja tu, kakao. Iweke kwenye ncha ya ulimi: ikiwa chungu hadi ukakunja uso, ndiyo hiyo. Dukani kwa Mangi utaipata kwenye vipakiti vidogo; usipoiona, nenda maduka ya vifaa vya keki.

Kakao ya unga ni kile kinachobaki baada ya mbegu zilizokaangwa kusagwa na kukamuliwa sehemu kubwa ya mafuta yake. Ukamuaji huo unatokana na ufundi wa familia ya Van Houten ya Uholanzi, mwaka 1828. Mafuta ya kakao yakitoka, unga hauyeyuki wala haudai friji. Ndiyo maana nasema huyu ndiye rafiki wa mpishi wa Kigoma kuliko chokoleti ya kipande.

Siri nyingine: usiitupie kakao kavu kwenye unga. Ivuruge kwanza kwa maji ya moto kidogo mpaka iwe uji mzito, iache ipoe, ndipo uchanganye. Harufu inafunguka. Na ukitaka watu waulize umeweka nini, badala ya maji weka kahawa nyeusi iliyochujwa. Kahawa tunalima wenyewe huko Kalinzi. Kwenye keki hutaisikia kama kahawa. Inaikoleza kakao tu.

Dada, sina oveni. Napikia jiko la mkaa, sufuria ndani ya sufuria. Kila mara chini panaungua, juu panakuwa na kaukau jeupe, na nikikata katikati ni uji. Pasaka hii nitapikia watu wa jumuiya, nisaidie. (Mama wa watoto watatu, Gungu)

Mama, keki yako inapikwa kama wali: moto wote uko chini. Keki inataka moto mwingi utoke juu na mdogo utoke chini. Kadiria mkaa wa juu ya mfuniko uwe mara mbili ya ulio jikoni.

Chukua sufuria kubwa nzito. Chini yake tandaza mchanga mkavu, unene wa kama kidole gumba kikilazwa. Mchanga wa ufukweni unafaa, ila uoshe na kuuanika kwanza. Wengine wanatumia mawe matatu. Nayo ni sawa, lakini usiokote mawe yaliyotoka majini sasa hivi, maana yakiwa na unyevu ndani yanaweza kupasuka yakipata moto. Funika kwa mfuniko wa bati au sinia lisilo na plastiki, panga makaa yaliyokwisha kuwaka juu yake, uache sufuria ipate moto ikiwa tupu kwa robo saa hivi. Hapo watu wengi hukosa subira, wanatumbukiza keki kwenye sufuria baridi, halafu wanailaumu beking pauda.

Kupima moto, weka kipande cha karatasi nyeupe ndani, ufunike. Baada ya dakika kama tano kikigeuka rangi ya biskuti, moto ni wa wastani, ingiza keki. Kikiwa cheusi, punguza mkaa wa chini kwanza, wa juu usiuguse. Kikibaki cheupe, ongeza juu.

Keki ikishaingia, usifunue kabla ya dakika 20. Najua watoto wanachungulia, na wewe pia unachungulia. Ukifunua mapema hewa ya baridi inaingia kabla unga haujashika, na katikati panabonyea. Baada ya hapo zungusha chombo nusu duara ili upande uliokuwa karibu na kaa kali usibabuke. Kijiti kikitoka bila uji, ipua. Keki ya chokoleti huwezi kuipima kwa rangi, tayari ni nyeusi tangu ikiwa mbichi. Tegemea kijiti na pua.

Halafu kuna hili ambalo hukuniuliza. Pasaka yetu huangukia kwenye mvua, na mvua ikinyesha watu huingiza jiko ndani na kufunga mlango. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na inaua watu wakiwa usingizini. Okea barazani au kwenye banda lililo wazi. Mvua ikizidi, keki isubiri kesho.

Mayai yamepanda bei na maziwa nayo. Kuna keki ya chokoleti ya maskini? (Bachela, Katubuka)

Ipo mdogo wangu, na mimi naipenda kuliko ya matajiri. Shika kikombe kimoja, hicho hicho upimie kila kitu. Unga wa ngano kikombe kimoja na nusu. Sukari kikombe kimoja, na ukipenda punguza kidogo. Kakao halisi vijiko vitatu vya chakula. Bekin soda kijiko kimoja cha chai, chumvi nusu ya hicho. Chekecha pamoja. Kwenye bakuli jingine changanya maji (au ile kahawa) kikombe kimoja, mafuta ya alizeti theluthi ya kikombe, siki kijiko kimoja cha chakula na vanila kidogo. Siki ikikosekana, kamulia limau kiasi hicho hicho.

Mimina ya maji kwenye ya unga, koroga mpaka mabonge makubwa yaishe, basi. Usipige kama unapiga mayai, keki itakuwa ngumu. Na hapa hakuna muda wa kupokea simu: siki ikikutana na soda mapovu yanaanza papo hapo, na mapovu hayo ndiyo yanayoiumua keki. Sufuria iwe imeshapata moto kabla hujachanganya. Dakika 30 hadi 35.

Haina siagi, kwa hiyo hakuna kitu cha kuyeyuka mezani. Haina yai wala maziwa, kwa hiyo hata anayejinyima vitu hivyo mpaka Pasaka yenyewe unaweza kumwonjesha Ijumaa Kuu, kama nia yake inamruhusu.

Niliyeyusha chokoleti ya kipande juu ya mvuke. Ilikuwa laini vizuri, ghafla ikaganda mabonge kama udongo mkavu. Ilikuwa ya bei, nimelia. (Mwanga tena, ila siyo yule wa kwanza)

Pole. Tone la maji limeingia, labda kutoka kwenye mwiko uliouosha ukausahau kuukausha, au mvuke umepanda pembeni mwa bakuli. Maji kidogo sana hulowesha sukari na unga wa kakao ulio ndani ya chokoleti, vikanatana. Ajabu ni kwamba dawa yake ni maji zaidi. Ongeza maji ya moto au maziwa ya moto, kijiko kimoja kimoja cha chakula, ukikoroga, mpaka ilainike tena. Haitaganda kuwa ganda gumu tena, lakini itakuwa mchuzi mzuri wa kuchanganya kwenye keki. Kwa hiyo usitupe.

Chokoleti niliyonunua Dar imeota weupe juu kama ukungu. Nitupe? (Mzee wa Bangwe)

Shikamoo baba. Usitupe. Ni mafuta ya kakao yaliyolainika kwa joto yakapanda juu na kuganda tena. Mafuta hayo huyeyuka yakifika nyuzijoto 34 hivi, na ndani ya basi lililosimama juani joto linafika huko bila shida. Sura imeharibika tu, kwenye keki haitaonekana.

Mama yangu ana mafuta ya mawese ya kumwaga, na shangazi anakamua mise, yaani kokwa za ndani za chikichi. Kwa nini nikanunue mafuta mengine ya keki? (Kijana wa Simbo)

Swali lako lina akili kuliko unavyodhani. Zile chokoleti za bei nafuu ambazo haziyeyuki mkononi mara moja, nyingi hazina mafuta ya kakao. Yametolewa na mahali pake pakawekwa mafuta mengine ya mimea, mara nyingi ya mise. Kwa hiyo mise na chokoleti ni ndugu wa muda mrefu, viwandani.

Tofauti ni usafishaji. Ya kiwandani yameondolewa harufu na rangi. Ya shangazi yako yana harufu yake kamili, inayokaa vizuri kwenye sabuni. Na mawese mabichi, pamoja na heshima yangu yote kwa mchuzi wa mgebuka, samaki wetu wa ziwani, yataipiku kakao hata ukiweka nusu kopo. Rangi itafichika, harufu haitafichika. Kama huna pesa ya alizeti, uza lita moja ya mawese ununue alizeti.

Watoto wameona kwenye simu mayai ya chokoleti ya Pasaka, wananisumbua. Hayo ya kununua siyaoni hapa mjini, na nikiagiza nadhani yatafika yameyeyuka. (Baba wa mapacha, Kasulu)

Kasulu mna ubaridi kidogo kutuzidi, lakini safari ndiyo inayoua. Waeleze mapacha kwamba yai lilitangulia, chokoleti ikaja nyuma sana. Zamani Kanisa liliwakataza waumini mayai wakati wa Kwaresima, kuku wakaendelea kutaga, na Pasaka ilipofika mayai yalikuwa yamerundikana. Yai la chokoleti lenye uwazi ndani ni la juzi tu: kampuni ya Fry ya Bristol, Uingereza, ililitoa mwaka 1873.

Sasa uwafanyie kitu ambacho hawajakiona kwenye simu: keki iliyopikwa ndani ya ganda la yai. Toboa upande mmoja wa yai bichi, tundu la kupitisha ncha ya kidole, umwage kilicho ndani (kiliwe chakula cha jioni). Osha maganda, yachemshe dakika kumi, maana ganda la yai bichi linaweza kubeba vijidudu vya kuharisha, kisha yakauke kabisa. Tone la mafuta ndani, lizungushe. Tumia mchanganyiko ule wa keki ya bachela hapo juu, ujaze nusu na kidogo, usizidi theluthi mbili.

Kuyasimamisha ndiko kunakowashinda watu. Chukua kopo pana la bati, jaza chumvi ya mawe, na kwa kuwa uko mkoa wenye Uvinza chumvi haikupigi chenga. Zika matako ya mayai ndani ya chumvi, matundu yakitazama juu. Dakika 20 zinatosha kwa moto wa wastani. Kitakachofurika kibandue kikishapoa, futa ganda kwa kitambaa chenye unyevu. Jumapili asubuhi weka kwenye kikapu pamoja na mayai ya kuchemsha ya kawaida, uwaache wapasue wenyewe. Mbwa asipewe makombo. Kakao ni sumu kwake.

Assalaam alaykum. Mimi nauza keki Ujiji na majirani Wakristo wameshaweka oda za Pasaka. Wateja wangu wengine ni Waislamu na wananiuliza kuhusu vanila, kwamba ina pombe. Kweli? (Muuza keki, Ujiji)

Waalaykum salaam. Vanila halisi ya maji hutengenezwa kwa kulowesha maganda ya vanila kwenye pombe, kwa hiyo wateja hawajakosea. Vichupa vya bei rahisi ni ladha ya kutengenezwa. Vingine vina pombe, vingine havina, na imeandikwa kwenye karatasi ya kichupa. Hukumu yake muulize sheikh wako, mimi naishia jikoni. Jikoni jibu ni jepesi: tumia vanila ya unga, au iliki iliyotwangwa, au kwangulia ganda la chungwa, sehemu ya rangi tu. Chungwa na kakao vinapendana, na oda zote utazipika kwa mchanganyiko mmoja.

Jumamosi Kuu napanda boti kwenda Kalya na keki. Nipake krimu gani isiyoyeyuka? (Mjukuu anayemwendea bibi)

Hakuna. Krimu ya siagi italainika kabla hamjaiacha Kigoma nyuma, na jua la ziwani linapiga mara mbili, kutoka juu na kutoka majini. Pika Ijumaa jioni, iache ipoe usiku kucha. Ukiifunga ikiwa vuguvugu inatoa jasho na kuota ukungu. Asubuhi izungushie karatasi, iweke kwenye boksi gumu, siyo mfuko wa plastiki, na ukae nalo kivulini, mbali na injini na mbali na ndoo za dagaa. Sukari ya unga ibebe pembeni kwenye kimfuko, uichekeche juu ya keki mkishafika kwa bibi.