Kabla Hujanunua Kitanda cha Masaji

Nataka kufungua spa, nina milioni tatu za kikoba. Nianze na sauna au jakuzi? (Msomaji, Tabata)

Usianze na yoyote, dada. Vyote viwili vinakula umeme na maji kabla havijaingiza senti. Tafuta chumba kimoja chenye hewa, kitanda imara, na mashuka na taulo za kumbadilishia kila mteja. Uza masaji, kusafisha uso na skrabu. Hiyo skrabu nayo si lazima itoke kwenye makopo ya nje: singo ya Unguja, ya waridi, asmini na langilangi, ndiyo wanayosingwa maharusi wa kule. Agiza kavu, maana mbichi haikai.

Jirani anatoza 25,000 kwa masaji ya saa moja. Nami nitoze hiyohiyo? (Mwanza)

Jirani pengine hajui anapata nini. Tuseme kila mteja anakugharimu mafuta 2,500, ufuaji 2,000 na mhudumu 8,000, jumla 12,500. Pango, umeme na maji tuseme 420,000 kwa mwezi. Ukihudumia wateja 60, kila mmoja anabebeshwa 7,000, kwa hiyo gharama yake ni 19,500 na unabaki na 5,500. Wakishuka hadi 30, mzigo unakuwa 14,000 kwa kila kichwa na gharama inafika 26,500. Hapo kila anayetoka anakushukuru kwa masaji mazuri, nawe umepoteza 1,500. Na hujajilipa mshahara! Piga hesabu hii kwa namba zako kabla hujabandika tangazo la ofa.

Vifaa vya pedikyua navifuta kwa spiriti. Inatosha? (Tanga)

Haitoshi. Virusi vya homa ya ini B vinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 na bado vikaambukiza. Anza kwa sabuni na brashi, kwa sababu uchafu huwakinga vijidudu dhidi ya dawa. Kisha loweka kwenye Jik: ikiwa chupa imeandikwa asilimia 3.5, changanya kipimo kimoja na maji vipimo sita, dakika 10, halafu suuza na kausha. Usipitilize muda, vyuma vitaota kutu. Msasa wa kucha hausafishiki; mteja aondoke nao. Mfuko ukiruhusu, nunua mashine ya kuchemshia vifaa kwa mvuke wa shinikizo.

Wanaume wanapiga simu wakiulizia "huduma kamili". Nimechoka. (Morogoro)

Pole. Jibu moja tu: hapa tunakanda misuli. Liandike na ukutani. Mlango wa chumba usiwe na komeo la ndani, na mhudumu akiona dalili mbaya atoke bila kukatwa malipo yake. Wateja wa namna hiyo ukiwapoteza, umepata nafasi ya wengine.

Nahitaji vibali gani? (Dodoma)

TIN, yaani namba ya mlipakodi, kutoka mamlaka ya mapato TRA; jina la biashara ulisajili kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara; leseni ya biashara utaipata halmashauri. Afisa afya naye atataka kuona choo na maji yako. Wengi hujisahau kwenye vipodozi: vyenye zebaki au haidrokwinoni, viambato vya kujichubua, vimepigwa marufuku nchini, na mzigo ukikutwa kwenye kabati lako, wa kujibu ni wewe. Mteja akija na kopo lake mwenyewe akitaka umpake, mkatalie pia.