Kwenye terminali inakubali, kwenye seva inagoma

SWALI: Shikamoo fundi. Nimeandika programu ya tovuti kwa Python. Nikiiendesha kwenye terminali haina shida. Nikiipitisha kwenye seva ya Apache kwa mod_wsgi (kiungo kinachoiwezesha Apache kuendesha Python) napata kosa la 500, na logi inasema: No module named 'hesabu'. Faili la hesabu.py lipo, tena folda moja na programu yenyewe, /srv/tovuti. Nimeweka PYTHONPATH (folda za ziada za kutafutia moduli) kwenye .bashrc, nikaongeza SetEnv kwenye mipangilio ya Apache, nimezima na kuwasha seva hadi nimechoka. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba. Kodi yako iache kama ilivyo. Kwenye terminali anayeendesha programu ni wewe. Kwenye seva ni mtumiaji mwingine, ambaye Debian na Ubuntu humwita www-data, na huyo .bashrc yako haimhusu. Faili hilo husomwa na shell yako. Apache huwashwa na mfumo, hapiti huko.

Hilo la folda moja ndilo linalowapoteza wengi. Ukiandika python3 tovuti.py, Python huiweka folda ya tovuti.py mwanzoni mwa sys.path, yaani orodha ya mahali pa kutafutia moduli. Umezoea kupewa bure hadi umesahau kwamba unapewa. mod_wsgi haitoi. Na SetEnv (hata mimi iliwahi kunihangaisha) huingia kwenye taarifa za kila ombi linalofika, wakati Python imeshawaka na orodha yake imeshapangwa.

Pa kusema ni hapa, kwenye mipangilio ya Apache:

WSGIDaemonProcess tovuti python-home=/srv/tovuti/venv python-path=/srv/tovuti
WSGIProcessGroup tovuti

python-home ni folda ya venv (mazingira ya Python ya mradi wako) yenyewe, si bin iliyomo ndani yake. python-path ni folda yenye hesabu.py. Mstari wa pili ukiusahau, programu itaendelea kuendeshwa ndani ya Apache kama zamani, na huo wa kwanza utabaki pambo. Halafu angalia matoleo: mod_wsgi iliyoundwa kwa Python 3.10 haitageuka 3.12 kwa sababu tu venv yako ni ya 3.12.

Ikigoma bado, weka hii juu kabisa ya faili lako la wsgi:

import sys
print(sys.path, file=sys.stderr)

Fungua tovuti mara moja, kisha soma logi ya makosa. Usichapishe sys.path kwenye terminali ukadhani ndiyo hiyo hiyo.

Kuna lingine, ingawa wewe halikuhusu maadamu kila kitu kiko /srv. Niliwahi kukesha na orodha iliyokuwa sahihi kabisa, folda imo, na moduli bado "haipo". Kumbe faili la wsgi lilikuwa /srv lakini moduli nilikuwa nimeziacha /home, na tangu Ubuntu 21.04 folda ya nyumbani ya mtumiaji mpya hutengenezwa kwa ruhusa ya 750, kwa hiyo www-data anaishia mlangoni. Python ikikuta folda isiyofikika hailalamiki. Huiruka kimya kimya, mwishoni ikasema moduli haipo. Nilikuja kuligundua kwa amri moja, sudo -u www-data ls, na jina la folda mbele yake. Ikajibu Permission denied. Nikazihamishia moduli /srv, nikaenda kulala.