Kwa wadogo zangu wanaoanza kazi na mashine ya picha

Ninaandika kwa sababu nimemwona tena kijana mwenye kipaji akimpelekea mteja picha nne za Midjourney, mashine inayochora picha kutokana na maelezo ya maneno, kabla hajamuuliza bango litatundikwa wapi. Sitawakataza mashine, kwa maana hata mimi ninaitumia. Tangu Midjourney na mwenzake Stable Diffusion zilipofunguliwa kwa watu wote mwaka 2022, hapa Lubumbashi wateja wa Kamalondo wenyewe wanakuja na picha kwenye simu, wakidai kwamba kilichobaki ni kuandika jina la duka.

1. Pimeni kabla ya kufurahi. Picha ya pikseli (nukta za rangi) 1024 kwa upana inapendeza kwenye simu, lakini ukiitandaza kwenye bango la mita 3 kila pikseli inakuwa na karibu milimita 3, na mchapaji hatawaonya, kwa kuwa yeye anauza turubai.

2. Msimuuzie mteja mtu ambaye hamwezi kumchora tena. Hapa nitakawia, kwa sababu kosa hili nililifanya mimi. Mfanyabiashara mmoja wa unga wa mahindi alitaka bango lenye mama anayesonga bukari, yaani ugali, na mashine ikaniletea mama mwenye uso mpana na mwanya, ambaye mteja alimpenda papo hapo. Aliponiuliza ni nani, nilijibu, bila haya, kwamba ni jirani yangu wa Katuba. Baadaye alirudi akitaka kalenda: mama yule yule, safari hii ameketi na watoto, amevaa kitenge chenye rangi za mfuko wa unga. Nilikesha nikigeuza maelezo kwa kila namna, umeme ukikatika na kurudi, na mashine ikinipa labda shangazi yake, labda binti yake, lakini yeye mwenyewe hakutokea. Nilipotaka kubadilisha kitenge peke yake kwenye picha ya kwanza, niligongana na jambo nililolijua siku zote: picha ile haikuwa na matabaka, na kitenge, mwiko na mvuke vilikuwa kitu kimoja. Nikashika penseli nikamchora upya, na ndipo nilipogundua kwamba mwiko wake haukuwa umefika ndani ya sufuria, na kwamba bukari tuliyoitundika barabarani ilikuwa uji.

Mteja aliisifu kalenda, kisha akaniambia kwamba amemwandalia yule mama wa Katuba bahasha na mfuko wa unga, nimlete siku ya uzinduzi. Nililazimika kukiri, mbele ya mkewe, kwamba mama huyo hajawahi kuwapo duniani. Mashine aliisamehe, hata akaniomba nimwonyeshe inavyofanya kazi. Uongo hakuusamehe, na kazi ya mwaka uliofuata akampa mwingine.

Najua mtaniambia kwamba tangu 2024 Midjourney inaweza kufuata uso wa picha ya mfano. Inaufuata, ila mtazameni mama huyo kwa karibu mwone mwanya unavyohama kutoka jino hadi jino. Katika mji huu mchoraji Bela, wa karakana ya zamani iliyoitwa Hangar, alipaka rangi kwa ncha za vidole; hakuna anayewadai hayo, lakini penseli mtaihitaji.

3. Nembo chora mwenyewe, kwa vekta, yaani kwa mistari isiyoharibika ukiikuza. Februari 2023 Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ililinda maandishi na mpangilio wa kitabu cha katuni cha Kris Kashtanova, ikakataa kulinda picha zake zilizotoka Midjourney. Sheria yetu ni nyingine, lakini mteja anayeuza bidhaa ng'ambo ya Kasumbalesa ana haki ya kujua nembo yake ni ya nani.

4. Geuzeni rangi za skrini ziwe za uchapaji kabla mteja hajaipenda ile kijani inayong'aa ambayo wino hauwezi kuitoa.

5. Bei. Mteja akisema mashine imefanya kazi kwa dakika moja, msibishane naye. Andikeni kwenye ankara, kila kimoja na mstari wake, rasimu, masahihisho na faili la uchapaji. Aliyekuja na picha yake ya simu atalipa rasimu sifuri, jambo litakalomfurahisha sana mpaka afike kwenye mstari wa masahihisho.