Betri za sola za zahanati zinakufa kila mwaka: tatizo si paneli

Mkuu, umeuliza kwa nini mfumo wa sola wa zahanati iliyo mbali na gridi unamaliza betri kila mwaka. Paneli huwa inasingiziwa tu. Angalia hesabu ya matumizi, waya, na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa umeme wa kawaida wa nyumbani) ilivyofungwa.

Taa 8 za wati 7 zikiwaka saa 6 ni wati-saa 336. Laptopu ya wati 50 kwa saa 4 ni 200. Simu 6, wati-saa 10 kila moja, 60. Redio 40. Jumla 636. (Friji ya chanjo usiiingize humu, iwe na paneli zake peke yake.) Gawanya kwa 0.7 kufidia kinachopotea kwenye joto, vumbi, waya na betri, upate kama 909. Kisha gawanya kwa saa za jua kali za mwezi mbaya kuliko yote, si wastani wa mwaka. Zikiwa 4.5, unahitaji paneli za wati 202, kwa hiyo funga za 250.

Betri ibebe siku mbili za mawingu: wati-saa 1,272. Betri ya risasi (madini ya lead) chaji yake isishuke chini ya nusu, kwa hiyo unahitaji 2,544, yaani ampea-saa 212 kwa volti 12, au 106 kwa volti 24. Betri ya gari haifai kabisa. Sahani zake ni nyembamba, zimetengenezwa kuwasha injini kwa sekunde chache, na ukiimaliza chaji kila usiku haimalizi mwaka.

Waya ndio watu wanaupuuza. Taa na vifaa vya wati 60 kwa volti 12 vinavuta ampea 5. Umbali wa mita 20 kwa waya wa 2.5 mm² unapoteza karibu volti 1.4, yaani asilimia 12, na hapo taa zinafifia na watu wanalaumu betri. Kwa volti 24 waya huohuo unapoteza takriban asilimia 3 tu. Ndiyo maana zahanati ifungwe volti 24: betri mbili za aina moja na umri mmoja, kwa mfululizo.

Sasa muuaji mkuu. Inveta ikifungwa moja kwa moja kwenye betri, kontrola (kifaa kinachosimamia chaji ya betri) haiwezi kuikata chaji ikishuka. Inveta nyingi za bei rahisi hukata volti zikifika kama 10.5 tu kwa mfumo wa 12, wakati betri imeshaisha chaji. Betri ya risasi ikikaa hivyo siku kadhaa, sahani zinashika salfa na uwezo haurudi. Tafuta inveta inayoruhusu kupandisha kiwango cha kukata, au weka kifaa cha kukata katikati ya betri na inveta. Fyuzi iwe karibu kabisa na ncha chanya ya betri.

Wakati wa kufunga, unganisha betri kwenye kontrola kwanza, paneli baadaye. Ukifungua, paneli itangulie. Betri za maji zikaguliwe kila mwezi na kuongezwa maji ya betri baada ya kujaa chaji, si kabla, la sivyo tindikali inamwagika. Kazi hiyo apewe mtu mmoja anayeishi hapo, afundishwe, alipwe, na pesa ya betri mpya ianze kuwekwa akiba mwezi wa kwanza.