Kabla ya kuchapa lebo, ijaribu kwanza kwenye picha ya kopo lenyewe

Karibu kila mjasiriamali anayeniletea kazi ya lebo hutaka kuiona bidhaa yake ikiwa imekamilika kabla hajamlipa mchapaji. Ana haki. Ila mimi situmii vile violezo vya kupakua mtandaoni, zile picha za chupa na makopo zilizo tayari kubandikwa lebo. Vinang'aa kweli, lakini chupa zake huzikuti Kariakoo. Mteja anaipenda picha, anakwenda dukani, anakuta kopo lenye mabega mapana na mfuniko mwekundu, na lebo haikai.

Omba kopo lenyewe, likiwa tupu, ulipige picha. Simu inatosha. Liweke karibu na dirisha ili mwanga utoke upande mmoja, nyuma yake weka karatasi nyeupe. Rudi nyuma kama mita 2 kisha vuta kwa zumu, maana ukilisogelea sana linatuna katikati.

Kisha unaibandika lebo juu ya picha hiyo kwenye programu ya kuhariri picha. Kama huna Photoshop, ipo Photopea. Inafunguka kwenye kivinjari, ni ya bure ukivumilia matangazo, na inasoma faili za PSD, yaani zile za Photoshop. Kazi yako inabaki kwenye mashine yako, haipandishwi popote, hivyo bando haliishi ovyo.

Weka lebo juu ya picha ikiwa Smart Object, yaani tabaka linalobeba muundo wa lebo ndani yake na kufunguka peke yake. Mteja akibadili uzito kutoka gramu 400 hadi 500, unabofya mara mbili, unarekebisha, unahifadhi, basi. Kisha ikunje kwa Warp, zana ya kupinda picha, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Tazama ukingo wa mfuniko na wa kitako. Kama kamera ilikuwa juu kidogo, kingo zote mbili zinapinda kuelekea chini, ila wa kitako unapinda zaidi. Lebo nayo ifuate hivyo hivyo. Ukiipinda sawasawa juu na chini itaonekana imebandikwa tu, hata kwa mtu asiyejua kasoro iko wapi.

Kuna na hesabu. Kopo la kipenyo cha sentimita 7 lina mzunguko wa karibu sentimita 22. Anayelitazama kwa mbele haoni zaidi ya 11, na za pembeni zimebanana hazisomeki vizuri. Kwa hiyo jina likae ndani ya sentimita 6 za katikati. Mama mmoja anayetengeneza siagi ya karanga alitaka jina lenye urefu wa sentimita 14. Sikubishana naye, nikamwekea vile vile kwenye picha. Akaitazama weee. "Mwanangu, mbona inasomeka 'agi ya Karan'?" Tukapunguza.

Kuhusu Multiply, ile modi ya tabaka ambayo weupe hutoweka na rangi nyingine hutia giza kilicho chini, angalia lebo inakaa juu ya nini. Mfuko wa kaki unaochapwa moja kwa moja hauna weupe, na wachapaji wengi hawana wino mweupe. Hapo weka muundo wote kwenye Multiply: kila palipo peupe patageuka kahawia, kama itakavyotokea kwenye uchapaji. Mteja bora aone leo. Stika nyeupe kwenye kopo ni kinyume chake. Lebo ibaki Normal, modi ya kawaida, kisha nakili kivuli cha kopo ukipandishe juu yake kwa Multiply, na mng'ao kwa Screen, modi inayoongeza mwanga. Kijani kikali cha kwenye skrini usikiahidi, kwani kwenye CMYK, zile wino nne za mchapaji, hufifia.

Jambo moja silifanyi hata nikiombwa: kuweka alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) kwenye picha ya bidhaa ambayo haijapewa leseni ya kuitumia. Picha hizi huingia Instagram siku hiyo hiyo, na mnunuzi hajui kuwa ni mfano. Msimbo pau nao naacha kisanduku kitupu mpaka mteja apate namba yake, lakini kisanduku chenyewe nakiweka kwa vipimo halisi, takriban milimita 37 kwa 26, kwa sababu huwa kinakula nafasi ya viambato.

Ukimtumia mteja kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti. Ikienda kama picha inabanwa, na maandishi madogo ya viambato ndiyo huwa ya kwanza kupotea.