Wasomaji Wanauliza: Simu Alishika Nani?

Swali: Shikamoo shangazi. Mimi niko Kisauni, naandika riwaya ya upelelezi kwa simu usiku nikitoka job. Iko hivi: kuna dada ana mafolowa laki tatu TikTok, kila siku yuko hoteli za Nyali, kumbe kwake ni chumba kimoja Mishomoroni na choo cha kushea. Siku moja yuko live, live inakatika, haonekani tena. Muuaji ni eksi wake. Nimempa binamu yangu asome, hajamaliza sura ya pili kashasema ni yule eksi. Nimeboeka kabisa. Nifanyeje? Alafu idea nimeitoa kwa dada wa ukweli wa hapahapa, haina shida sivyo?
*Chipukizi, Kisauni*

Jibu: Marahaba mwanangu. Binamu yako hana makosa. Eksi akitokea tu na wivu wake msomaji kashamfunga pingu, huyo muweke lakini asiwe yeye.

Ila mimi shida naiona kwengine. Umefanya siri kubwa ya kitabu iwe kile chumba cha Mishomoroni, sasa hapa Mombasa hiyo ni siri? Mwenye duka anajua, anayemletea maji anajua, mama wa mahamri anayemkopesha kila asubuhi anajua na anamfolo vilevile, tena analaiki. Mtu kuonyesha maisha asiyokuwa nayo si ajabu siku hizi, msomaji hatashtuka hata kidogo. Ajabu ni wale wanaojua na wamenyamaza, wananyamazia nini, wanapata nini?

Hebu nikuulize, hizo video anatembea ufuoni gauni linapepea, simu alishika nani? Si selfi ile. Kuna mtu hapo, yuko kila siku, anajua paswedi, anajua hoteli gani watakaa masaa manne kwa soda moja bila kufukuzwa, anajua pesa za matangazo zinaingia M-Pesa ya nani, na watu laki tatu hawajawahi kuuona uso wake hata mara moja. Labda ni mdogo wake, labda shoga yake wa tangu madrasa. Huyo sikwambii awe muuaji (ukitaka awe, mimi sikukatazi), lakini ukimuweka huyo mbele ya msomaji tangu ukurasa wa kwanza bila kumtaja, kivuli chake mchangani, umbo lake kwenye miwani ya dada, binamu yako akifika mwisho atarudi kuanza upya akijilaumu.

Na dalili zitoe kwetu, usiige za kwenye film. Wale wa film kila saa ni kuhaki laptop. Wewe una bahari bwana! Nyali inaangalia mashariki, jua linatoka baharini, halizami huko. Kwa hivyo dada akiposti "sunset Nyali" na jua linazama juu ya maji, mtoto yeyote wa Pwani anajua hapo si Nyali, labda yuko upande wa Tudor, na huko alikwenda kwa nani?

Kuna nyengine naipenda zaidi. Maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50. Bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hapa Mombasa maji hujaa kwenye saa kumi hivi na saa nne yamekupwa mpaka unatembea kwa miguu karibu na mwamba. Sasa video imepostiwa saa nne asubuhi, siku ya mwezi mpevu, dada anasema "niko hapa saa hii" na maji yamegonga ukuta wa hoteli nyuma yake. Uongo! Video ni ya zamani, kuna mtu anaposti kwa akaunti yake na yeye hayupo. Polisi wako ahangaike na data za simu wiki nzima, mwisho mzee mvuvi aitizame video mara moja tu aseme hii si ya leo. Yaani hapo nitanunua kitabu.

Ukitaka mambo ya simu basi yawe sahihi. Picha huwa ina taarifa ndani yake za saa na mahali ilipopigwa, lakini ukiiposti Instagram hizo haziendi kwa watu, zinaondolewa. Akimtumia mtu kwa WhatsApp kama dokumenti ndio mara nyingi zinabaki. Usije ukaandika mpelelezi kadaunlodi picha Insta akapata lokesheni, utachekwa.

Huyo dada wa ukweli: shida iko, tena kubwa. Badilisha mtaa, kazi, familia, umbo, kila kitu, mpaka yeye mwenyewe akisoma asijijue. Kumchafulia mtu jina ni kesi, na tuna sheria ya makosa ya mitandao ya 2018 na ya kulinda data za watu ya 2019.

Swali: Shangazi, binti yangu wa Form Two anapenda stori za aina hii, nimtafutie nini cha kuanzia?
*Mama Wawili, Tudor*

Jibu: Mamangu, aanze na film ya *Searching* ya 2018. Baba anamtafuta binti yake aliyepotea, anafungua laptop yake na kugundua hamjui mtoto aliyekuwa akila naye meza moja, na film nzima unaiona kwenye skrini za simu na kompyuta tu. Tizameni pamoja, msimuache peke yake. *A Simple Favor* ya mwaka huohuo, ile ya mama mwenye vlogi anayemtafuta rafiki yake aliyetoweka, ni tamu lakini ina mambo ya kikubwa, hiyo tizama wewe akilala.

Vitabu, mpe vyetu. Faraji Katalambulla ametoa *Simu ya Kifo* 1965, kwa hivyo simu kutuletea balaa hatukuanza na TikTok. Akimaliza mpe vitabu vya Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, vya mpelelezi wake Bwana Msa na kiko chake mdomoni, aanze na *Mzimu wa Watu wa Kale*. Kiswahili kitamtoa jasho kidogo kurasa za mwanzo, akikuuliza maneno msaidie, usimwambie agugo.